Pimeni Kwanza, Kisha Msome Kichwa

Jumatatu jioni nilitoka ofisini Tudor nimeshikwa na hasira ambayo hata upepo wa feri ya Likoni haukuipoza. Kisa ni mistari miwili ya msimbo, yaani maagizo ya programu. Mwenzangu mmoja, fundi niliyefanya naye kazi na ninayemheshimu kwa dhati, alikuwa ameifuta kwenye moduli yetu ya kerneli (kipande cha programu ndani ya kiini cha mfumo wa Linux), ile inayopokea fremu, yaani vifurushi vya data vinavyopita kwenye waya, na kuzihesabu kabla hazijafika kwenye IP, sehemu inayoshughulikia anwani za intaneti. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu mbele ya vijana watatu wa mafunzo: "Mtandao ni wetu wenyewe. Waya tumelaza sisi, swichi tumefunga sisi. Tunajikagua nini?"

Vijana wakatikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo iliponichoma.

Mistari yenyewe ilikuwa inauliza maswali mawili tu. Je, baiti ninazotaka kusoma, yaani vile vipande vidogo vya data, zipo kweli mkononi mwangu? Na je, urefu uliotajwa ndani ya kichwa, yaani maelezo yanayotangulia mbele ya data, unalingana na kilichofika? Basi. Jioni ile sikujibu vizuri kwa sababu ya ghadhabu, kwa hiyo naijibu leo nikiwa nimetulia, ingawa si sana.

Fremu ya ethaneti, ule mtandao wetu wa waya, inaingia na baiti 14 mbele: 6 za inakokwenda, 6 za inakotoka, na 2 za kutaja aina ya kilichomo. Ukikuta 0x0800 ni IPv4, 0x86DD ni IPv6 (matoleo mawili ya IP), na 0x8100 ni lebo ya VLAN, alama ya kugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo, maana yake kuna baiti 4 zaidi kabla ya kufika unakotaka. Linux haikati kichwa hiki. Inasogeza tu kielekezi, yaani alama ya mahali pa kusomea, mbele hatua 14, na zile baiti zinabaki palepale kwenye bafa, eneo la kumbukumbu linaloshika data, mahali pake pamewekwa alama ili atakayezihitaji baadaye azikute. Nimefundisha jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha. Hakuna kunakili, hakuna kuhamisha, ni kielekezi kinatembea.

Lakini uzuri huo ndio mtego. Kielekezi kinakwenda popote unapokisukuma, hata pasipo na kitu. Kumbukumbu ya kerneli haina mlinzi wa kukwambia kuwa fremu yako imeishia hapa na sasa unasoma mabaki ya nyingine iliyopita saa nzima nyuma. Utasoma namba, namba itaonekana ya kawaida, nawe utaifanyia kazi.

Tuchukue kichwa cha IPv4. Baiti yake ya kwanza imegawanywa mara mbili: kati ya biti zake 8, kila moja ikiwa 0 au 1, biti 4 ni za toleo, biti 4 za urefu wa kichwa chenyewe. Ule urefu hauhesabiwi kwa baiti. Unahesabiwa kwa mafungu ya baiti nne nne. Vijana huchanganyikiwa hapa, nami huwaeleza kwa pishi. Pishi moja, vibaba vinne: kila mtoto wa Mombasa aliyewahi kutumwa kupeleka fitri anajua. Kichwa kikisema 5, kinasema pishi tano, yaani vibaba 20. Kikisema 15, ndiyo mwisho wake, vibaba 60. Chini ya 5 hakuna kichwa cha IPv4 duniani. Na biti nne zinaweza kuandika 0, 1, 2, 3 na 4 bila tabu yoyote. Nani atazizuia, kama si wewe?

Bibi yangu aliuza kunde na mbaazi Majengo. Magunia yalikuja yameandikwa kwa makaa ubavuni, pishi kadhaa wa kadhaa, na yeye hakuwahi kulipa kwa kusoma maandishi. Alimwaga kwenye mkeka, akapima. Nakumbuka muuzaji mmoja alikasirika, akamwambia, "Mama, mimi huniamini?" Bibi akajibu bila kuinua macho, "Wewe nakuamini, mwanangu. Gunia ndilo silijui." Nilikuwa na miaka tisa hivi. Sikujua kuwa maneno yale yangekuja kunifaa katika kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona.

Maana mimi niliyasahau, na nikalipa. Kabla sijafika hapa nilipo, niliandika moduli iliyowekwa kwenye kisanduku cha mtandao katika duka la jumla, upande wa Mwembe Tayari. Moduli ilikuwa inashika fremu mapema, kabla ya kerneli yenyewe kufanya ukaguzi wake wa IP. Nilichukua urefu wote wa pakiti (kichwa cha IP pamoja na mzigo wake) uliotajwa kwenye kichwa, nikatoa urefu wa kichwa, nikapata urefu wa mzigo. Hesabu ya darasa la pili. Miezi miwili mambo yakawa shwari. Kisha kisanduku kikaanza kuanguka, kila baada ya siku mbili tatu, mara nyingi mchana jua likiwa kali. Mwenye duka alikuwa akinipigia simu na foleni ya watu nyuma yake naisikia. Risiti hazitoki, malipo hayapiti, watu wanaacha mizigo kaunta wanaondoka. Yule mzee hakuwahi kunitukana hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilihangaika wiki tatu. Nilishuku umeme, nikashuku joto, nikabadilisha hata kadi ya mtandao. Mwishowe nikarekodi fremu zote za mchana mzima na nikaiona: kamera moja kuukuu ya ukutani, ubao wake umeanza kuoza kwa chumvi ya hewa yetu hii, ilikuwa mara moja moja inatoa pakiti ambayo urefu wake wote umeandikwa 0. Sifuri kutoa 20. Kwenye namba ya biti 16 isiyo na alama ya kutoa, jibu si hasi 20. Hesabu huzunguka na kurudi juu, jibu linakuwa 65,516. Nami nilikuwa nimeiamuru moduli inakili baiti hizo kwenye bafa ya baiti 2,048. Iliandika juu ya kila kilichokuwa jirani, kerneli ikazimia.

Kamera ile ilikuwa yetu. Waya wetu, swichi yetu, ukuta wetu.

Sasa mwenzangu alikuwa na hoja nyingine, na huwa naisikia kwa wengi: kadi ya mtandao imeshakagua, kuna baiti nne za CRC, namba ya ukaguzi, mwishoni mwa fremu, iliyoharibika hutupwa kabla hatujaiona. Ni kweli hutupwa. Lakini CRC inashuhudia jambo moja tu, kwamba kilichotoka upande ule ndicho kilichofika upande huu. Haijui kama kilichotoka kilikuwa sahihi. Kamera iliandika upuuzi, kisha kadi yake ikaukokotolea CRC upuuzi ule, na kwetu ukafika salama salmini, haukupungua hata biti moja. Hii ndiyo sehemu ninayotaka vijana wale watatu waishike. Ushahidi kuwa bahasha haikufunguliwa njiani si ushahidi kuwa barua ni ya kweli.

Na hata huo "mtandao wetu" una mpaka mdogo kuliko tunavyojidai. Kichwa cha ethaneti ni cha hapa, hakivuki ruta, kile kifaa kinachotuunganisha na mitandao mingine. Kilichomo ndani yake je? Tunaishi katika mji ambao nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua mwaka 2009, na tangu hapo kila dakika tunapokea vichwa vya IP vilivyoandikwa na mashine ambazo hatutaziona maishani. Ruta yetu inavivisha fremu mpya, safi, yenye anwani za nyumbani. Vazi ni letu, aliyevaa hatumjui.

Kuna pia udanganyifu wa upande wa pili, ambao watu hawaufikirii: mkononi kuna baiti nyingi kuliko kichwa kinavyosema. Fremu ya ethaneti haikubali kuwa na mzigo chini ya baiti 46. Ujumbe wa ARP, ule wa kuulizia anwani ya mashine jirani, una 28 tu, kwa hiyo hujaziwa 18 za ziada. Zinatakiwa ziwe sifuri. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa drayva nyingi, yaani programu zinazoendesha kadi za mtandao, hazikuwa zinaweka sifuri. Zilikuwa zinajazia na chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya kerneli, vipande vya mawasiliano ya watu wengine, na kuvirusha kwenye waya kwa yeyote anayesikiliza. Udhaifu huo ulipewa jina EtherLeak. Mwandishi wa drayva alitarajia mpokeaji atasoma urefu na kuacha ziada. Mpokeaji mwema aliacha. Mpelelezi akasoma.

Kwa hiyo anayepokea sharti afanye yote mawili, apime pungufu na akate ziada. Kasomeni Linux yenyewe inavyopokea pakiti ya IPv4, si mbali, ni ukurasa mmoja. Kwanza inahakikisha baiti 20 zipo. Inatazama toleo ni 4 na urefu wa kichwa si chini ya 5. Inahakikisha tena kichwa chote kipo, kwa urefu uliotajwa sasa. Inakagua namba ya ukaguzi (checksum) ya kichwa. Inalinganisha urefu wote na kilichofika, kikiwa kidogo inatupa. Inalinganisha urefu wote na urefu wa kichwa, ukiwa mfupi inatupa. Hapo ndipo kamera yangu ingekamatwa. Mwisho inakata ziada. Watu walioandika hayo hawakuwa waoga. Wamepokea pakiti nyingi kuliko sisi sote.

Jambo la kupita, lakini limeangusha mafundi wazuri: ukiita pskb_may_pull, amri ya kerneli ya kuhakikisha baiti zipo tayari kusomwa, kerneli inaweza kuhamisha bafa nzima mahali pengine ili kukuletea baiti ulizoomba. Vielekezi ulivyovishika kabla ya hapo vimekufa. Vichukue upya.

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Mwenzangu alitaja kasi, na hesabu yake ni sahihi. Waya wa gigabiti 10 kwa sekunde ukijaa fremu ndogo kabisa unaleta fremu milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67 kwa kila moja (nanosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni). Hapo kila tendo lina bei. Lakini atazame bei iko wapi. Ukaguzi wa urefu ni kulinganisha namba mbili ambazo mara nyingi tayari ziko karibu na prosesa. Kungoja kichwa chenyewe kiletwe kutoka kumbukumbu kuu ndiko kunakoweza kumeza nanosekunde hizo zote. Na wateja wetu hawana gigabiti 10. Duka la Mwembe Tayari halikuwa na hata robo ya gigabiti moja.

Tena wenye kutafuta kasi kweli kweli, wanaotumia XDP, njia iliyoingia Linux mwaka 2016 ili programu iguse fremu mapema kuliko wote, wao ndio hawana ruhusa kabisa ya kuruka ukaguzi huu. Programu yako ya XDP isipolinganisha kielekezi chake na mwisho wa data kabla ya kusoma, kerneli inaikataa. Haiingii. Haisubiri fremu mbovu ije. Inasoma msimbo wako, inaona hukupima, inakurudisha. Kwenye moduli ya kawaida hakuna wa kutukataza. Tumeachiwa amana. Na amana ya kerneli ni nzito, kwa sababu ikianguka programu moja ya juu mtu anaifungua tena, ikianguka kerneli mzee anasimama kaunta na foleni nyuma yake.

Usiku wa Jumatatu niliirudisha mistari miwili. Nimeongeza na majaribio manne: fremu ya baiti 14 tupu, kichwa kinachosema pishi tatu, urefu wa sifuri, na lebo ya VLAN isiyo na kitu nyuma yake. Bila ile mistari, jaribio la tatu linaiangusha mashine ya majaribio papo hapo. Kesho asubuhi nitawaita wale vijana watatu waiangushe kwa mikono yao wenyewe, na mwenzangu nimemwomba awepo. Amesema atakuja.