Rekodi ya Wimbledon ni Tisa, Msituchoshe

Julai ndio mwezi pekee ambao mpenzi wa tenisi hapa Dar anaweza kuomba rimoti baa asitukanwe. Ligi zimelala, Simba na Yanga wako kwenye tetesi za usajili, nusu ya mji iko Sabasaba inazunguka mabanda, kwa hiyo mhudumu anakuwekea Wimbledon na hakuna anayenuna. Nikajikalia zangu na soda. Haikupita nusu saa mtangazaji, tena kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, akatutangazia kwamba rekodi ya Wimbledon inashikiliwa na Roger Federer, mataji nane. Mchambuzi aliyekaa pembeni yake akaitikia naam. Wakahamia kwenye habari za mvua ya London.

Nane za Federer nazijua, nazikubali, na kadhaa nilizishangilia mpaka sauti ikakauka: tano mfululizo kuanzia 2003 hadi 2007, kisha 2009, 2012 na 2017. Lakini Martina Navratilova ana tisa. Mchezo wa mmoja mmoja, uwanja uleule, nyasi zilezile, tisa. Na tisa, kwa hesabu za darasa la kwanza, ni nyingi kuliko nane.

Najua jibu linalokuja. Ooh, alimaanisha wanaume, kila mtu anaelewa. Nani anaelewa? Akitajwa Navratilova hamkosi kubandika “kwa upande wa wanawake”, kana kwamba alishinda mashindano ya pembeni yaliyofanyika nyuma ya jiko. Akitajwa Federer inakuwa “rekodi ya Wimbledon”, basi, yote, nzima. Kama mmoja anahitaji kibandiko, na mwenzake abandikwe.

Msidhani ni ugonjwa wa watangazaji wetu tu. Waliotuambukiza ni wenye mashindano yao. Mwaka 2013 Andy Murray alipomfunga Djokovic kwenye fainali, magazeti ya Uingereza yalijaa miaka 77: miaka 77 ya kusubiri, miaka 77 ya machozi, tangu Fred Perry mwaka 1936 hakuna Mwingereza aliyeshinda Wimbledon. Hakuna! Dorothy Round alishinda 1937, mwaka mmoja tu baada ya Perry. Angela Mortimer 1961. Ann Jones 1969. Virginia Wade 1977, mashindano yakitimiza miaka 100, Malkia Elizabeth mwenyewe akiwa uwanjani kumkabidhi tuzo. Malkia alikuja, akaona, akapeana naye mkono, na bado miaka 36 baadaye wahariri wakaandika kwamba haikutokea. Wanawake wanne walifutwa ili hadithi ya kusubiri inoge.

Anayenifurahisha ni Murray mwenyewe. Mwaka 2017 alitolewa Wimbledon na Sam Querrey, akaingia kwenye mkutano na waandishi nyonga ikimuuma na roho pia. Mwandishi mmoja akaanza swali lake kwa kusema Querrey ni mchezaji wa kwanza wa Marekani kufika nusu fainali ya Grand Slam, yaani yale mashindano makubwa manne ya tenisi, tangu 2009. Murray akamkata palepale kumkumbusha kwamba ni mchezaji wa kiume. Kati ya 2010 na siku ile Serena Williams alikuwa amebeba Grand Slam 12, na dada yake Venus wiki ileile alikuwa akielekea fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 37. Mtu ametoka kupigwa, hana hamu hata ya kuongea, na bado anaona kilicho mbele ya macho. Sisi tuliokaa studio na kiyoyozi tunashindwa nini?

Sasa nirudi kwa huyu mama, maana nina hakika wengi wanalijua jina tu. Navratilova alizaliwa Prague mwaka 1956. Mwaka 1975, akiwa na miaka 18, alibaki Marekani baada ya US Open, akaikimbia serikali ya kikomunisti ya kwao. Alipochukua Wimbledon ya kwanza mwaka 1978 bado hakuwa na uraia wa Marekani. Uraia aliupata 1981. Kwenye fainali ile ya 1978 Chris Evert alichukua seti ya kwanza 6-2, kisha Martina akageuza meza 6-4, 7-5. Mwaka uliofuata akamfunga Evert tena. Halafu 1982 hadi 1987 akachukua sita mfululizo. Sita! Bjorn Borg tunayemwimba kila mwaka alichukua tano mfululizo, Federer tano.

Mnapenda idadi ya mechi? Borg alishinda mechi 41 mfululizo Wimbledon, Federer 40, na zote mbili husimuliwa kama miujiza. Navratilova alifika 47. Jumla ya mechi za mmoja mmoja alizoshinda pale, Federer ana 105, Navratilova ana 120. Kuanzia 1982 hadi 1990 hakuna fainali ya wanawake iliyochezwa Wimbledon bila yeye kuwa upande mmoja wa wavu. Miaka tisa. Watoto walizaliwa, wakaanza shule, wakajua kusoma, na kila Julai wakiwasha TV ni Martina.

Lakini linalonigusa zaidi ni la tisa lenyewe. Alifikisha nane mwaka 1987, akawa sawa na Helen Wills Moody. Akaja Steffi Graf, akamfunga fainali ya 1988, akamfunga tena 1989. Mtu mwingine angesema nane zinatosha, nimezeeka, niachie watoto. Yeye akarudi 1990 na miaka 33, akamfunga Zina Garrison 6-4, 6-1, akaichukua rekodi peke yake. Na hakuishia hapo. Mwaka 2003, akiwa na miaka 46, akabeba taji la mchanganyiko, mwanamke na mwanaume upande mmoja, pamoja na Leander Paes wa India, likawa la 20 ukijumlisha mmoja mmoja, wawili wawili na mchanganyiko. Akawa sawa na Billie Jean King, mwenye 20 zake. Mwaka uliofuata akaingia mmoja mmoja, akashinda mechi ya raundi ya kwanza. Umri wa miaka 47. Mimi nikipanda ngazi za ghorofa ya tatu napumzika ya pili.

Helen Wills Moody naye, kabla hamjaniuliza ni nani, alichukua nane kati ya 1927 na 1938. Wimbledon nzima alicheza mechi 56, akapoteza moja: fainali ya 1924, akiwa bado binti. Baada ya hapo alishinda 50 mfululizo mpaka anastaafu.

Wapo wanaosema hizo ni enzi za kale, tenisi ya sketi ndefu, haihesabiki. Sawa. Basi tuzungumze kuhusu William Renshaw.

Pete Sampras alipofikisha mataji saba mwaka 2000, ulimwengu mzima uliandika kwamba amemfikia Renshaw, bingwa wa miaka ya 1880. Federer alipochukua la nane 2017, wakaandika amewapita Sampras na Renshaw. Renshaw alishinda 1881 hadi 1886, kisha 1889. Na zama zile, hadi ulipofutwa mwaka 1922, utaratibu ulikuwa kwamba bingwa mtetezi hachezi raundi yoyote. Anakaa. Wenzake wanauana wiki nzima, anayebaki ndiye anakuja kupambana naye mechi moja. Kwa hiyo kuanzia 1882 hadi 1886 Renshaw alipata mataji matano kwa mechi tano. Na miwili kati ya miaka hiyo, 1882 na 1883, aliyekuja upande wa pili alikuwa Ernest Renshaw, pacha wake wa kuzaliwa. Huyo wa mechi moja kwa mwaka dhidi ya ndugu yake tumbo moja anahesabika mpaka leo. Mwanamke aliyeshinda 50 mfululizo ndiye wa enzi za kale.

Kwa haki, hata Dorothea Lambert Chambers, bingwa wa kike wa kabla ya 1922, alifaidika na utaratibu huohuo katika baadhi ya mataji yake saba. Nimelisema, nisije nikaambiwa nimeficha.

Lililonimaliza nguvu kabisa ni ule ubao wa mabingwa. Pale klabuni kuna mbao zenye majina ya washindi wote. Upande wa wanaume wameandika herufi ya kwanza na jina la ukoo, yaani R. Federer, yameisha. Upande wa wanawake waliweka Bi au Bibi mbele, na kama umeolewa, unaandikwa kwa herufi za mumeo. Herufi za MUMEO. Billie Jean King, mwenye mataji 20 pale, alisomeka kama Bibi L.W. King. L.W. ni mumewe Larry, mwanasheria. Chris Evert alishinda 1981 akiwa ameolewa na John Lloyd, akaandikwa Bibi J.M. Lloyd. Huyo J.M. naye alikuwa mchezaji tenisi, na taji la mmoja mmoja la Wimbledon hakuwahi kuligusa, ila herufi zake zikapanda ubaoni. Mke anatoa jasho, mume anapata ubao. Vyeo hivyo waliviondoa mwaka 2022. Nimesema 2022, si 1922. Intaneti ipo, watu wana simu za kukunja, ndipo klabu ikagundua kwamba bingwa ana jina lake.

Na tuzo zenyewe! Mwanaume anapewa kombe lenye nanasi juu yake, na sijawahi kupata maelezo ya lile nanasi yakaniingia akilini. Mwanamke anapewa sinia la fedha, lilitengenezwa 1864, la aina iliyotumika kunawia mikono kwa maji ya waridi. Bibi zetu wa Pwani wangelitambua hata wakiwa usingizini, wangeuliza tu mrashi uko wapi. Ni zuri, nalipenda kuliko kombe. Lakini hebu ona: bwana kombe, bibi sinia.

Habari za pesa nitazipitia haraka nisipandishe presha. Mwaka 1968, mashindano yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa, Rod Laver alipata pauni 2,000 na Billie Jean King pauni 750. Usawa ulikuja 2007.

Haya, hoja ya seti tano. Kila ukilisema hili anatokea mtu, kwa kawaida mwanaume ambaye hajawahi kushika raketi, anakukumbusha kwamba wanaume hucheza seti tano na wanawake tatu. Nakubali kwa shingo upande kwamba kushinda mechi saba za seti tano ni kazi inayotafuna mwili zaidi. Nakubali pia kwamba miaka ya themanini, raundi za mwanzo za wanawake zilikuwa na mechi za 6-0, 6-1 ambazo Navratilova alizimaliza kabla chai haijapoa. Lakini waliopanga seti tatu si wanawake, ni klabu. Na kama urefu wa mechi ndio kipimo, basi mfalme wa Wimbledon ni John Isner, aliyemfunga Nicolas Mahut mwaka 2010 kwa saa 11 na dakika 5, seti ya mwisho 70-68. Raundi iliyofuata akatolewa akiwa hoi. Mbona hatumpi yeye rekodi?

Tukiwa bado kwa waliosahaulika, mjue kwamba Afrika ina jina kwenye ule ubao wa wanaume. Jaroslav Drobny, bingwa wa 1954, alimfunga Ken Rosewall akiwa anacheza kama raia wa Misri. Mzaliwa wa Prague, mkimbizi kutoka utawala uleule aliokuja kuukimbia Navratilova. Misri ilimpa pasi ya kusafiria, akawalipa kwa Wimbledon. Na mwaka 2022 mtoto wa hapa jirani, Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alibeba taji la wasichana wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam. Fainali ilikwenda mpaka 11-9 kwenye pointi za kuamua, na kati ya wale Wakanada wawili waliofungwa alikuwepo Victoria Mboko, binti wa wazazi Wakongo, huyuhuyu ambaye mwaka 2025 alikuja kumfunga Naomi Osaka na kubeba ubingwa wa Montreal. Nilipomtaja Okutoyi pale baa, mzee mmoja shabiki wa tenisi, anayeweza kukutajia kila aliyefungwa na Sampras fainali, aliniuliza kama huyo ni mwanariadha. Sikumjibu.

Sasa kuna hili la Djokovic. Ana mataji saba. Mwaka 2025 Jannik Sinner alimtoa nusu fainali, kisha akaenda kumfunga Alcaraz na kulibeba. Mserbia yule hakati tamaa, na siku akiipata ya nane najua kabisa maandishi yatakayopita chini ya skrini: AMEIFIKIA REKODI YA WIMBLEDON. Kwa hiyo naandika mapema, ili mtayarishaji yeyote atakayepita hapa anakili bure, wala hana haja ya kunitaja jina. Andika kwamba Djokovic amewafikia Roger Federer na Helen Wills Moody, na kwamba imebaki moja amfikie Martina Navratilova. Inaenea kwenye mstari mmoja, nimeshaijaribu.