Skripti Iliyobanguliwa na Wasioijua Korosho

Bibi yangu hakusoma hata darasa moja, lakini hukumu yake juu ya filamu yangu ya kwanza sijaisahau. Tulikuwa Mikindani, Mtwara, kwa shangazi, sebule imejaa ndugu na majirani waliokuja kuona kazi niliyoiandika mimi. Ikafika sini ya mama anayebangua korosho huku akimweleza mwanawe kwamba shamba la familia limeuzwa. Bibi akasogea mbele kwenye mkeka, akaitazama mikono ya mwigizaji. Akasema, "Mjukuu wangu, huyu hajabangua korosho hata siku moja." Akarudi kuegemea ukuta, na kuanzia hapo filamu ikawa imeshampotea.

Nilivyoiandika mimi, bati lenye matundu liko juu ya mafiga. Korosho zinachomwa mpaka mafuta ya ganda yashike moto, na mama anazigeuza kwa mti mrefu akiwa amejitenga, maana mafuta yale yakikurukia yanababua ngozi. Kisha anapindua bati, anazifukia kwa mchanga ili moto uzime. Ndipo anakaa chini na jiwe lake, anagonga moja moja, kwa uangalifu, kiini kitoke kizima kwa sababu kilichovunjika hakina bei. Mazungumzo yote niliyapanga juu ya mgongo wa lile jiwe. Mama akisema neno, anagonga. Mtoto akiuliza, "Shamba lipi, mama?" jiwe linabaki hewani. Halishuki. Kimya kile ndiyo sini yenyewe.

Kwenye filamu iliyotoka, mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, kucha zimepakwa rangi nyekundu, anachambua korosho nyeupe kwenye sinia, na muziki wa huzuni unalia tangu mwanzo hadi mwisho. Jina langu halikuwemo mahali popote. Malipo nilipata laki mbili, nusu ya tulichokubaliana kwa mdomo. Nusu ya pili ilikuwa "kesho, ndugu yangu" mpaka simu ikawa haipokelewi.

Fedha iliniuma, sitasema uongo. Lakini lililonikosesha usingizi ni lile jiwe. Mtu aliyeongoza filamu ile hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alikuwa na siku chache, kamera ya kukodi, na skripti aliyoipata jana yake. Angejua wapi kwamba jiwe lina maana?

Ndiyo maana nimefika mahali pa kusema wazi, na vijana wa Mtwara na Lindi wanaoniuliza waingieje kwenye kazi hii wanisikie: huku kwetu, anayeandika ajifunze kuongoza, na anayetaka kuongoza aanze kwa kuandika. Kutenganisha kazi hizi mbili kunawafaa wenye fedha na muda, ambako mwongozaji anakaa na mwandishi wiki kadhaa wakipitia ukurasa kwa ukurasa. Sisi tunapiga filamu mbio mbio. Mara ngapi nimesikia lokesheni mwigizaji akiambiwa, "We ongea tu, stori si unaijua?" Hapo kazi ya mwandishi imekwisha kabla haijaanza.

Anayenipa nguvu katika hili ni mzee wa Senegali, Ousmane Sembène. Alizaliwa 1923 Ziguinchor, kusini mwa nchi yake, baba yake mvuvi. Mtu wa Shangani au Msimbati, kwetu pwani ya Mtwara, hahitaji kuelezwa zaidi. Akapigana vita katika jeshi la Ufaransa, akawa kuli wa bandarini Marseille, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1956. Alishakuwa mwandishi anayejulikana alipotambua kwamba watu anaowaandika hawawezi kumsoma, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa kwa Kifaransa na wengi wao hawakujua kusoma. Akiwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza filamu, tena kama mwanafunzi wa kawaida. Mwaka 1963 akatoa filamu fupi ya mwendesha mkokoteni wa Dakar, dakika kama 20 tu. Mwaka 1968 akachukua hadithi aliyokuwa ameiandika mwenyewe, akaigeuza filamu kwa Kiwolofu, Mandabi. Filamu yake ya mwisho ilitoka 2004, naye ameshavuka miaka 80.

Mandabi inamhusu mzee aliyetumiwa hawala ya fedha kutoka Ufaransa. Hawala ina jina lake, lakini hana kitambulisho cha kuitolea. Anazungushwa ofisi hii na ile, kila anayejifanya msaada anamega chake, na mwisho fedha yenyewe haioni. Nilipoitazama mara ya kwanza nilishtuka. Niliona msimu wetu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba, na baadaye wakulima wakasubiri kuhakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa. Nilimwona mzee wa jirani yetu akitoka na stakabadhi ameikunja kwenye mfuko wa nailoni asubuhi, akirudi nayo jioni, ule mfuko ukizidi kuchakaa. Hakuna mwandishi wa kutoka mbali angeutazama mfuko ule. Angetazama malori.

Rafiki zangu walio Dar hunijibu kwamba haya ni maneno ya mtu aliyegoma kuhama. Vifaa viko Dar, televisheni ziko Dar, waigizaji wenye majina wako Dar. Ni kweli, na sitamlaumu anayehama. Ila umbali si ule wa zamani. Wakubwa zetu walikuwa wakikesha Ndundu kusubiri pantoni ivuke Rufiji. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 hadithi hiyo imekwisha, na skripti siku hizi inafika kwa simu kabla hujamaliza chai. Kitu ambacho hakifiki kwa simu ni sikio.

Na sikio hufunzwa mapema. Mimi lilifunzwa na redio. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania 1993, mwaka mmoja kabla televisheni haijaanza huku Bara, na kwetu ulisikilizwa uani, bakuli la ugali katikati, kimya kabisa. Mkwaju, dereva wa lori, hatukumwona sura hata siku moja, lakini tulijua anavyotembea. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anatambulika kwa anavyokatiza sentensi. Nikipata kijana anayetaka kuandika tamthilia za televisheni, kwanza namwambia afumbe macho kituo cha mabasi kwa nusu saa, halafu aandike alichosikia. Tamthilia hula maneno. Sehemu moja ikikamilika nyingine inadaiwa, na asiye na akiba ya sauti za watu huanza kurudia kofi na machozi yale yale.

Upande wa fedha nitasema machache. Usianze kuandika bila karatasi iliyosainiwa. Andikeni jina lako litakaa wapi kwenye filamu na malipo yatatoka lini, na yatoke kabla kamera haijawashwa, kwa sababu kamera ikishazimwa hakuna anayekudai tena ila familia yako. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, kuisajili kazi kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo. Niliona aibu kumdai mtu karatasi, nikidhani nitaonekana mswahili mno kwa mtu aliyekuja na nafasi.

Sasa nina filamu fupi yangu, naiandika na kuiongoza mwenyewe. Ni ya yule mzee na mfuko wake wa nailoni. Wiki iliyopita nilianza mazoezi na mama mmoja wa Magomeni, hapa hapa Mtwara mjini, ambaye hajawahi kuigiza maishani mwake. Nilimpa maneno akayasoma vibaya, kama mtoto anayesoma ubaoni. Nikaiweka karatasi pembeni. Nikawasha moto, nikamletea bati, korosho na jiwe, nikamwomba anieleze tu siku mumewe aliporudi bila fedha.

Akaanza kugonga. Akasema mumewe aliingia uani, akakaa pale kwenye kinu, hakusema kitu. Nikamuuliza, "Mama, ukamuuliza?"

Jiwe likabaki hewani.

Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Nimeifuta sini niliyokuwa nayo, naiandika upya hii.