Mkono kwenye hogo, bastola kwenye kasha: afanye mazoezi au asubiri?

Mwanamke ameteleza kwenye ngazi zilizorowa, akajikinga kwa kiganja, na mfupa wa kigasha umevunjika karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Wa mjini Unguja anapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, wa Mkoani, Pemba, anapelekwa ya Abdulla Mzee: apigwe picha, afungwe hogo, aning'inizwe mkono kwa kitambaa shingoni, arudi baada ya wiki sita. Mpaka hapo ni habari ya kila siku. Ila huyu ana bastola. Ni askari wa kikosi, au ni mfanyabiashara anayeshika fedha nyingi na Polisi wamempa leseni kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Na mkono uliofungwa ndio mkono wa silaha. Je, aendelee na mazoezi ya kujihami katika wiki hizo sita na miezi inayofuata, au bastola ilale kashani mpaka apone?

Wanaosema aendelee wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mtu mwenye mkono shingoni huonekana dhaifu tangu mbali, na mwizi huchagua. Tena ustadi wa shabaha hupotea upesi: mwezi mmoja bila kushika silaha, kidole kinaanza kuvuta badala ya kubana. Wataalamu wa mazoezi ya tiba nao wana jambo lao hapa. Mkono mzima ukifanyishwa kazi ya nguvu, ule uliofungwa hupoteza nguvu kidogo kuliko ambavyo ungepoteza ukiachwa tu, kwa kuwa sehemu ya nguvu hiyo ni kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu, si ya misuli peke yake. Halafu hutajwa Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia na kumharibu mkono wa kulia. Akajifunza upya kwa wa kushoto, na akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola London 1948, kisha Helsinki 1952.

Mfano wa Takács ni mzuri, lakini unathibitisha nusu tu ya wanachokitaka. Bastola ya Olimpiki hushikwa kwa mkono mmoja kwa kanuni, awe mpigaji mzima au majeruhi. Mbele yake pana karatasi ya shabaha, si mtu anayemrukia. Anachotuonyesha ni kwamba mkono wa pili unaweza kujifunza kulenga. Hakuwa na haja ya kulinda silaha isinyakuliwe, wala kuondoa ganda lililokwama huku mtu anamsukuma ukutani.

Wanaosema aache, aghalabu ndugu na madaktari, huanza na hofu ya kishindo: bastola ikirudi nyuma itauvunja mfupa tena. Hapo nao wamekosea kipimo. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina gramu 7 na nusu hivi, na hutoka kwa mwendo wa takriban mita 350 kwa sekunde. Kwa bastola yenye gramu 850 ikiwa imejaa risasi, kishindo kinachofika mkononi ni kama kudaka kilo moja ya sukari iliyoachiwa kutoka urefu wa nusu mita. Mkono mzima haujali. Mkono uliotoka kwenye hogo juzi utaumia, na kudaka kilo hiyo mara hamsini katika asubuhi moja ni upuuzi, lakini si hapo penye hatari kubwa. Hatari iko katika vitendo viwili ambavyo watu hawavihesabu: kubana mpini na kukoki, yaani kuvuta nyuma mfuniko wa juu wa bastola.

Bastola nyingi za siku hizi hujipakia zenyewe kwa kutegemea mkono usiocheza. Mfuniko wa juu unarudi nyuma, unatupa ganda nje, unasukuma risasi mpya ndani ya chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Kifundo kikiwa kilegevu, bastola nzima inarudi pamoja na mfuniko, mwendo unapungua njiani, na ganda linanaswa kwenye tundu la kutokea likiwa limesimama wima. Risasi ya pili haitoki. Mwanamke aliyefunguliwa hogo wiki iliyopita ana kifundo cha namna hiyo hasa, na hata akipiga kwa mkono mzima asiouzoea, mara nyingi tatizo ni lilelile. Kwa hiyo uwezekano wa bastola kukwama uko juu zaidi wakati huohuo ambao hana mkono wa pili wa kuikwamua.

Kukwamua kwa mkono mmoja kunafundishwa. Kinundu cha kulengea kilicho nyuma, juu ya mfuniko, hutiwa kwenye ukingo wa mkanda wa suruali au kisigino cha buti, kisha bastola husukumwa chini kwa nguvu mpaka mfuniko urudi. Kwa askari mwenye sare na mkanda mpana, sawa. Mwanamke aliyevaa buibui na ndara hana mkanda wala kisigino. Kitambaa chepesi huteleza, au kibaya zaidi, pindo huingia kwenye kikingio cha triga, na mtutu wakati huo umeelekea paja. Anayemfundisha mwanamke wa Unguja au Pemba kitendo hicho bila kwanza kutazama amevaa nini anamfundisha kujipiga risasi ya mguu.

Wengine hushauri atumie silaha nyepesi zaidi mpaka apone. Ushauri huo umegeuka kichwa chini: kwa risasi ileile, bastola nyepesi hurusha mkono zaidi. Bastola ya silinda haikwami kwa kifundo kilegevu, hilo ni kweli, ila triga yake isipotanguliwa na kukoki nyundo inataka kilo 4 au 5 za kidole, mara mbili ya triga ya bastola nyingi za kujipakia. Na leseni ni ya mtu na silaha yake; kuazimana bastola kama kuazimana mwiko hakuna.

Kuna hoja ya mkoba pia. Mkono ukiwa kwenye hogo, wengi huhamishia bastola mkobani, kwa kuwa mahali pake pa kawaida kiunoni hapafikiki. Mwizi wa mjini, hasa yule wa juu ya vespa, anachokitaka kwanza ni mkoba. Akiuvuta kutoka bega ambalo mkono wake hauna nguvu, ameondoka na simu, pesa na silaha ya serikali au ya leseni. Kwangu mimi hoja hii peke yake inatosha kumaliza suala la kubeba. Asibebe. Asiyeweza kukwamua bastola kwa mikono miwili amebeba silaha ya atakayemshinda nguvu.

Lakini kubeba na kufanya mazoezi ni vitu viwili, na hapo ndipo mabishano mengi yanapochanganyika. Mazoezi makavu, yaani bila risasi, kwa mkono mzima, hayagusi mfupa uliovunjika hata kidogo. Tatizo lake ni moja: nani ataiondoa risasi? Kutoa risasi ni kazi ya mikono miwili, na mpangilio wake haubadiliki. Magazini, yaani kikasha cha risasi kilicho ndani ya mpini, hutoka kwanza, ndipo mfuniko uvutwe, halafu chemba itazamwe kwa jicho na kupapaswa kwa kidole kidogo. Akitangulia kuvuta mfuniko kabla ya magazini, risasi moja inatoka na nyingine inaingia, na bastola anayoiona tupu imejaa. Kosa hili huua watu wenye mikono miwili mizima. Mwenye mmoja asilijaribu. Askari ana mtunza silaha kikosini. Raia bora atumie bastola ya plastiki ya mazoezi, au hata chupa ya maji ya lita moja. Chupa hiyo, kilo moja, ni nzito kidogo tu kuliko bastola iliyojaa. Kuinyoosha mbele ya jicho sekunde 20, kupumzika dakika moja, mara tano, kunafundisha bega na kigasha cha kushoto karibu yote yanayohitajika mwezi wa kwanza.

Kwa mwenye kutumia bastola yenyewe iliyokaguliwa, mambo machache hukosewa. Jicho: wengi wenye kutumia mkono wa kulia wana jicho la kulia lenye nguvu, na wakihamia kushoto hupinda shingo. Bastola ndiyo iende kwenye jicho. Shingo ibaki ilipo. Triga: sarafu iwekwe juu ya mfuniko, na ikianguka kabla ya mlio wa kavu, kidole kimevuta pembeni. Ila bastola nyingi zisizo na nyundo ya nje hulia mara moja tu, kisha triga inakufa mpaka mfuniko uvutwe tena, na hapo mtu hushawishika kuibana magotini. Asifanye hivyo. Mlio mmoja, anaiweka chini, anamsubiri msaidizi. Mwelekeo nao una maana yake. Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe una unene wa nusu mita hivi. Ukuta wa matofali yenye tundu wa nyumba mpya, na chumba cha jirani nyuma yake, si wa kuelekezea mtutu hata ukiwa na uhakika mia kwa mia. Dakika kumi, siku tatu kwa wiki, zinatosha. Watoto wawe wameshalala au hawapo.

Dawa zinafuta ruhusa yote hiyo. Siku za dawa kali za maumivu kama tramadol au kodeini, au kidonge cha usingizi, silaha haiguswi, hata ya mazoezi makavu.

Jambo jingine la kwetu ni kukandwa. Mafuta ya karafuu yana joto zuri kwa misuli iliyokaza, na yakizimuliwa kwa mafuta mengine hakuna ubaya kuyapaka begani na shingoni, ambako kitambaa kinavuta. Lakini mkandaji anayefungua hogo wiki ya tatu "kuurudisha mfupa mahali pake" anausogeza uliokwisha anza kushika, na mfupa ulioungana kwa kupinda unapunguza mzunguko wa kigasha. Bila mzunguko huo mpini haukai sawasawa kiganjani, na hapo hakuna mwalimu wa shabaha atakayesaidia.

Baada ya hogo, walimu huharakisha na madaktari huchelewesha, nami naona madaktari wako karibu zaidi na ukweli. Kwa kuvunjika kwa namna hii, mzigo wa nguvu aghalabu huanza wiki ya 12 hivi, na nguvu kamili ya kubana huweza kuchukua miezi sita hadi mwaka. Kalenda peke yake haitoshi, na vipimo vipo nyumbani. Akamue kanga iliyolowa mpaka maji yaache kuchirizika, kulia na kushoto kwa zamu. Kukamua ni kubana na kuzungusha kwa pamoja, kitendo kilekile cha kudhibiti mpini. Kisha aketi juu ya mbuzi akune nazi nzima kwa mkono ule. Akiishia kifuu cha kwanza kwa maumivu ya upande wa dole gumba, bado. Akimaliza, na kesho yake asubuhi kifundo hakijavimba, basi uwanjani.

Siku ya kwanza uwanjani iwe na risasi 20, si zaidi. Risasi moja katika kila magazini kwa duru tano za mwanzo, ili kila mlio umalizike kwa kushusha na kupumua. Kisha mbili mbili. Umbali wa mita 5 unatosha. Alama za risasi zikianza kushuka chini ya shabaha, mkono unaogopa kishindo na unakitangulia, na kuendelea ni kuufundisha woga. Ganda likikwama mara mbili, kifundo kimechoka. Anafungua, anakagua, anarudisha kashani, na anasubiri wiki nzima kabla ya kurudi.