Ukiikuta Morcheeba leo, anza na ya mwisho

Mtu akiifahamu Morcheeba, bendi ya Uingereza, kupitia Escape the Chaos, albamu yao ya 2025, mashabiki wa zamani humwambia arudi 1996 aanze upya. Ushauri huo unawapotezea wengi ladha. Albamu hiyo ni ya 11, na aliyeanza nayo kashika ncha nzuri ya kamba. Aivute taratibu kurudi nyuma, akifuata sauti ya Skye Edwards.

Bendi ilizaliwa London katikati ya miaka ya 1990 ikiwa na watu watatu: Skye akiimba, Ross Godfrey kwenye gitaa na kinanda, na nduguye Paul akitengeneza midundo, kukwaruza santuri na kuandika mashairi. Skye aliondoka 2003, akarudi na albamu ya 2010. Paul naye akatoka 2014. Kwa hiyo anayefuata mpangilio wa miaka hukutana na mwimbaji mwingine, Daisy Martey, kwenye ile ya 2005, kisha waimbaji waalikwa 2008, na hapo ndipo wengi huiacha. Anayeanza na kibao chao kikubwa cha 2000 hupotea zaidi: ni pop changamfu, na akigusa albamu ya kwanza, iliyo nzito na ya polepole, huona kama kabadilishiwa bendi.

Basi baada ya hii ya 2025 sikiliza Blackest Blue (2021), halafu ruka hadi Blood Like Lemonade (2010) usikie Skye alivyorudi. Kisha Big Calm ya 1998, na hapo usiwe na haraka. Wimbo wake wa kwanza, The Sea, unastahili kurudiwa mara tatu: kwanza fuata besi peke yake, ya pili gitaa la Ross, ya tatu Skye. Anaimba kama anaongea na mtu aliyekaa ubavuni pake, na muziki ukikolea yeye hapandishi sauti. Who Can You Trust? ya 1996 ije baada ya hapo, wakati sikio limeshazoea mwendo.

Mwendo wenyewe una ufundi wake. Trip hop, aina ya muziki wanaoupiga Morcheeba, ilikua kwa kukata vipande vya ngoma kwenye santuri za soul, funk na jazz, kuvirudia na kuvipunguza kasi. Kipande cha mapigo 100 kwa dakika kikizungushwa polepole hadi 80, sauti yake nayo hushuka karibu nusutoni 4 (hatua ndogo za ngazi ya muziki). Ndiyo maana ngoma hizi husikika nzito, kana kwamba zinapigwa chini ya blanketi.

Hapa spika ya simu inawaangusha watu. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa takribani Hz 41 (mitetemo kwa sekunde), na spika ndogo hivyo haina nguvu hata chini ya Hz 200. Unachosikia ni kivuli cha besi, halafu unasema muziki umepooza! Vaa hedifoni zinazoziba sikio vizuri. Kipira kinachoingia sikioni kikiwa kidogo, besi yote inavuja. Usipandishe besi kwenye mipangilio ya simu, itamfunika Skye. Zima pia kuchanganya nyimbo (shuffle).

Kuhusu bando: kwa ubora wa kbps 320 (kilobiti kwa sekunde), dakika moja hula MB 2.4, yaani albamu ya dakika 45 ni MB 108. Kwa kbps 96 ni kama MB 32, lakini matoazi na mikwaruzo ya santuri huanza kusikika kama maji yanayochuruzika. Heri kupakua mara moja kwa ubora wa juu na kurudia bila intaneti.

Charango ya 2002 ina wachanaji waalikwa, Slick Rick akiwemo; isikilize wakati wowote. Ile ya 2005 ibaki mwisho kabisa. Martey ana sauti pana, yenye msukumo, na bendi ilimpigia kama bendi ya roki ya zamani. Ukifika kwake umeshashiba Skye, utamsikiliza Martey mwenyewe.