Wamemkata Kindi, Msitu Wakautupa

Nimemnunulia mtoto wa dada yangu kitabu cha hadithi za Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa Kiingereza wa vitabu vya watoto, chapa mpya yenye jalada linalong'aa. Nilipokifungua nikaishiwa nguvu. Wanyama wamekatwa mmoja mmoja na kubandikwa kwenye kurasa za rangi tupu, waridi huku, manjano kule. Miti haipo. Ziwa halipo. Nimekasirika, na hasira haijanitoka.

Haya, nakubali, wanyama ndio waliompa jina. Mtoto mdogo humwona sungura kwanza. Lakini mama huyu hakuchora msitu ili kujaza nafasi nyuma ya sungura. Kabla ya kitabu chake cha kwanza kuingia madukani mwaka 1902, alikuwa ameshachora uyoga wa porini mamia kwa mamia kwa rangi za maji. Charles McIntosh, tarishi wa Uskoti aliyeijua mimea kuliko wasomi wengi, alimshauri aupasue uyoga na kuonyesha mikunjo iliyo chini ya kofia. Akafanya hivyo. Tazama michoro hiyo kwa karibu: shina limeng'olewa na udongo wake, jani kavu limenata pembeni, na mwanga juu ya kofia ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa na brashi. Ukikosea hapo, rangi za maji hazikupi nafasi ya pili.

Mwaka 1897 andiko lake kuhusu kuota kwa spora, vijichembe ambavyo uyoga huzaliana kwavyo, lilifikishwa mbele ya Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa mimea na wanyama. Yeye mwenyewe hakuwepo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Miaka 70 baadaye, mwaka 1967, michoro yake 59 ikatumika katika kitabu cha kutambulisha uyoga. Mtaalamu aliiamini! Halafu leo mtu anaifuta mandhari ya mkono huohuo kwa kuona haina kazi.

Na alipokufa mwaka 1943 aliiachia National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, zaidi ya ekari 4,000 za Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Nchi aliyoichora aliipenda kwa vitendo.

Nikaazima chapa ya zamani ya hadithi ya kindi, ile ya 1903. Kisiwa wanachokiendea kindi, mikia yao ikiwa matanga, kipo kweli ndani ya ziwa Derwentwater, hukohuko Lake District. Tulipofika pale kindi mtukutu anapocheza gololi juu ya kisiki, mtoto akaweka kidole kwenye zile gololi.

"Mjomba, haya ni matunda gani?"

Si matunda. Ni vinundu ambavyo mti wa mwaloni huviotesha kumzunguka buu wa nyigu mdogo sana. Nilipomweleza, akainamisha uso hadi pua ikagusa ukurasa, akimtafuta buu.