GTA VI Isubiriwe, Gemu Ndogo Ziwahiwe

Juu ya kabati la mdogo wangu kuna kibubu alichokitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga. Ubavuni amebandika karatasi yenye tarehe: 19 Novemba 2026. Karatasi hiyo ni ya tatu. Ya kwanza ilisema mwishoni mwa 2025, ya pili ikasema 26 Mei 2026, na kila Rockstar, studio inayoitengeneza, walipoisogeza mbele gemu ya Grand Theft Auto VI (GTA VI), yeye alibandua ya zamani akabandika mpya, bila kugusa hata shilingi ya ndani.

"Kaka, siku hiyohiyo naanza," huniambia. "Sitaki kusimuliwa na mtu."

Ana kila haki ya kuingoja. GTA V ilipotoka Septemba 2013, alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule ya msingi. Alikuja kuijua miaka mingi baadaye kwenye banda la PS (PlayStation) mtaani, kwa kulipia nusu saa, padi imelegea kijiti cha kushoto, na nyuma yake foleni ya watu wanaompigia kelele ageuze gari. Gemu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 200 duniani, lakini kijana wa umri wake hajawahi kuona GTA mpya ikitoka akiwa na akili zake. Ukimwambia asiwe na hamu, unamwonea.

Ninachobishana naye ni haraka yake. Tukicheza mpira wa mtandaoni, kuchelewa ni hasara ya kweli, maana wenzako wakihamia toleo jipya unabaki uwanjani na watu wachache. Gemu ya kucheza peke yako haina tatizo hilo. Hadithi ya Lucia na Jason kule Vice City itamkuta palepale hata akifika mwaka mmoja baadaye, na huenda ataikuta imerekebishwa na bei imeshuka. Tena VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. Yeye ana PS4, kwa hiyo kibubu kinatakiwa kinunue mashine kabla hakijanunua gemu.

Mfano ninaompa kila siku ni Cyberpunk 2077. Watu milioni 8 waliilipia kabla haijatoka tarehe 10 Desemba 2020. Wahakiki walikuwa wamepewa nakala za kompyuta peke yake, hivyo sifa zilizosomwa kabla ya siku hiyo zilihusu gemu ambayo mwenye PS4 hakuipata. Kwenye PS4 picha zilikwamakwama, na gemu ilijifunga yenyewe mtu akiwa katikati ya kazi. Wiki moja baadaye Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao na kuahidi kurudisha pesa, na haikurejea mpaka Juni 2021. Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Studio yake, CD Projekt Red ya Poland, haikuitelekeza. Iliitengeneza mpaka toleo la 2.0 la Septemba 2023, na leo naiweka miongoni mwa gemu bora za hadithi nilizocheza. Lakini 2.0 haikwenda PS4 kabisa. Aliyewahi kulipa ndiye aliyeachwa nje, na aliyetulia miaka mitatu akapata kitu kizima kwa pesa pungufu.

Studio hiyohiyo sasa iko na The Witcher 4. Trela ilionyeshwa Desemba 2024, Ciri akiwa mhusika mkuu, na wenyewe wamesema haitatoka kabla ya 2027. Naitamani sana. Pesa yangu wataiona nikishaona watu wanaicheza kwenye mashine kama yangu.

Sasa upande wa mdogo wangu, ambao una uzito kuliko nilivyokuwa nakubali zamani. Hollow Knight: Silksong ilitangazwa Februari 2019 na studio ya watu wachache wa Adelaide, Australia, ikatoka 4 Septemba 2025. Ni miaka sita na nusu. Ilipofika, kwa dola 20 tu, maduka ya mtandaoni likiwemo Steam yalielemewa na wanunuzi. Siku zile za mwanzo hakuna aliyekuwa na ramani. Watu walipotea sehemu zilezile, wakafia kwa adui mmoja, wakaulizana usiku wa manane nani amepita na amepitaje. Anayeinunua leo anapata gemu ileile, lakini maswali yote yamekwisha kujibiwa. Kucheza peke yako na kuwa mpweke ni vitu viwili tofauti, na msisimko wa siku ya kwanza pesa haiwezi kuununua baadaye. Kwa hilo nimemkubalia.

Halafu kuna kosa la kukodolea macho jina moja tu. Mwaka 2025 wakati dunia nzima inaulizana kuhusu GTA, kikosi kidogo cha Montpellier, Ufaransa, kilitoa Clair Obscur: Expedition 33 mwezi Aprili, na Desemba kikachukua tuzo ya gemu ya mwaka katika The Game Awards. Wengi walikuwa hata hawajaisikia.

Ila kinachonigeuza kabisa ni gemu ndogo. Rockstar hawatalala njaa mdogo wangu akichelewa mwaka. Studio ndogo inaweza kufa katika mwaka huohuo anaosubiri. Tales of Kenzera: Zau ilitoka 23 Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Zau ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa kifo, kutaka baba yake arudishwe. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na njiani anafika kwenye mbuyu, anakaa chini yake, anatulia, nguvu zinaongezeka. Na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Nilipoiwasha kwenye laptopu yangu, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni akasikiliza. "Na hao nao wanaongea Kiswahili?" Alikaa kwenye mkono wa kochi mpaka wali ukaanza kuungua.

Gemu hiyo ilisifiwa na bei yake ilikuwa chini ya dola 20. Mwaka huohuo studio ikapunguza wafanyakazi, kisha kitengo cha gemu kikasimama kikitafuta fedha. Mimi mwenyewe niliinunua miezi minane baada ya kutoka, kwa kanuni yangu ya kusubiri punguzo. Sijivunii.

Ndiyo maana Relooted, kutoka studio ya Nyamakop ya Johannesburg, niliipa kipaumbele tangu ilipotangazwa Juni 2025. Unaongoza kundi la Waafrika wanaoingia kwenye majumba ya makumbusho ya Magharibi kurudisha vitu halisi vilivyochukuliwa barani. Miongoni mwake ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyotwaliwa na wakoloni wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na iliyoko mpaka leo mikononi mwa British Museum. Gemu kama hii ikikosa wanunuzi wa mwanzo, ya pili haitakuja.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku. Mei 2024, Ghost of Tsushima ilipoletwa kwenye kompyuta, ilizuiwa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170 ambazo huduma ya mtandao ya PlayStation haijafika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ingawa ni gemu ambayo mtu anaweza kuicheza mwanzo mpaka mwisho bila huduma hiyo. Mwaka 2025 Sony walianza kulegeza sharti hilo kwa baadhi ya gemu zao. Kabla hujaanza kuhesabu siku, hakikisha kwanza utaruhusiwa kuinunua.

Juzi mdogo wangu aliimaliza Zau. Alikaa kimya, kisha akauliza waliotengeneza wako wapi sasa. Nikamweleza yaliyowapata. Akakishusha kibubu, akakitikisa karibu na sikio, akaniuliza Relooted inauzwa shilingi ngapi.