Haki ya Kupita: Siku Moja Ben Alder, na Vijia vya Lushoto

Mwezi Juni mwaka jana, mimi na mwenzangu wa kazini, ambaye ni Mskoti, tulitoka mji wa Perth, huko Uskoti, alfajiri tukiwa na baiskeli mbili ndani ya gari, tukaelekea Dalwhinnie, kijiji kidogo kilichoko kandokando ya reli iendayo Inverness. Tulikuwa tunakwenda kupanda Ben Alder, mlima wenye urefu wa mita 1,148 ulio mbali na barabara za magari kiasi kwamba wapandaji wengi huenda kwa baiskeli sehemu ya kwanza ya safari na kumalizia kwa miguu. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya nikitazame upya kitu tulicho nacho nyumbani Lushoto, Tanzania, ambacho sikuwahi kukihesabu kuwa ni mali: kijia cha kupita kwenye shamba la mtu.

Baada ya kupita chini ya reli tulishika barabara ya changarawe inayofuata ukingo wa Loch Ericht, ziwa refu na jembamba lenye upepo usiokwisha. Barabara ile na nchi yote inayoizunguka ni milki ya mtu binafsi, na raia hawaruhusiwi kupita na magari, lakini mwenye baiskeli au mwenye miguu yake hahitaji ruhusa wala tiketi. Sheria ya mageuzi ya ardhi iliyopitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2003, na ambayo sehemu yake hii ilianza kutumika mwaka 2005, inampa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya nchi, iwe kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi, mradi tu aitumie haki hiyo kwa uangalifu: asiingie uani kwa watu, asikanyage mazao, asiwabughudhi wanyama, asiache taka. Kusini, Uingereza penyewe, haki ya namna hiyo inahusu maeneo machache tu yaliyotengwa. Na hata huku Uskoti watu hawaachi kuilinda, kwani mwaka 2021, kivuko cha reli hapo Dalwhinnie, ambacho wapanda milima walikuwa wamekitumia kwa miaka mingi, kilipofungwa kwa kufuli, walalamikaji walijitokeza kwa wingi kuhoji uamuzi huo.

Tuliendesha kilomita 10 hivi hadi mwisho wa msitu wa misonobari, kisha njia ikapanda na kutokea kwenye uwanda mpana wa Loch Pattack, ambako udongo ni mweusi, umefanyika kwa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, nao hunyonya maji kama sponji hata kukiwa na jua. Hapo kuendesha kukageuka kusukuma. Karibu na Culra, kwenye kibanda ambacho zamani wasafiri walilala bure lakini baadaye kilifungwa kwa sababu ya asbestosi, madini ya ujenzi yanayodhuru mapafu, tulizilaza baiskeli kwenye majani tukaanza kutembea. Mgongo wa mlima tuliopanda ni mkali lakini unapandika, na juu yake kuna uwanda mkubwa wa mawe na majani mafupi, wenye viraka vya theluji ambavyo mwezi wa Juni ulikuwa haujavimaliza. Upepo ulipotulia wakati wa kushuka, usubi walitushambulia hata tukashindwa kusimama tukanywa maji. Tulirudi Dalwhinnie saa tatu na nusu usiku, na jua lilikuwa bado halijazama.

Katika saa hizo zote, tangu tulipouacha msitu hadi tulipourudia, tulikutana na watu wanne tu. Mwenzangu alifurahi sana, akasema kwamba hiyo ndiyo thamani ya mlima ulio mbali. Mimi nilishindwa kufurahi kama yeye, kwa kuwa najua upweke wa nyanda za juu za Uskoti haukuumbwa na Mungu peke yake. Katika karne ya 18 na ya 19, wenye ardhi waliwahamisha wakulima wengi mabondeni ili wafuge kondoo, na baadaye milima mingi ikageuzwa kuwa mahali pa matajiri kuwinda kulungu. Ben Alder yenyewe ina historia ya watu: mwaka 1746, baada ya kushindwa vitani Culloden, mwanamfalme Charles Edward Stuart, aliyedai kiti cha enzi cha Uingereza kwa niaba ya ukoo wake, alijificha kwenye miteremko yake, akihifadhiwa na Cluny Macpherson, mkuu wa ukoo wa pale. Leo mtu hupita katika bonde zima asimwone hata mmoja wa kumwamkia.

Kwetu Lushoto huwezi kutembea nusu saa mlimani bila kusema shikamoo au kuitikia marahaba. Nilipokuwa mdogo nilimfuata bibi yangu kwenda gulioni, naye alipita katikati ya mahindi ya watu, nyuma ya nyumba zao, juu ya mifereji yao, na kila tulipopita alisalimia, akauliza habari za wagonjwa, akaendelea. Hakuna aliyemwuliza kwa nini anapita hapo. Masharti aliyoyafuata bibi ni yaleyale niliyoyakuta katika sheria ya Uskoti, tofauti ikiwa kwamba yake hayakuandikwa popote. Nawaheshimu Waskoti kwa kuiandika haki hiyo, lakini kati ya njia iliyo huru katika bonde lisilo na watu na njia iliyo huru katikati ya watu wanaoishi na kulima, mimi nachagua ya pili bila kusita.

Hofu yangu ni kwamba ya pili inapotea polepole. Sizungumzii Kilimanjaro wala hifadhi nyingine, ambazo zina taratibu zake. Nazungumzia vijijini, ambako ardhi inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ambako watu sasa wanapata hati za kimila kwa ajili ya mashamba yao, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mjane mwenye hati hanyang'anywi shamba kwa urahisi. Lakini nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilikuta seng'enge imekatiza njia aliyopita bibi, na kinamama wenye vikapu vya viazi wanazunguka kwa kushuka hadi bondeni na kupanda tena. Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha karatasi yake, nami nikaona kwamba mchoro wa mipaka haukuwa na kijia chochote.

Kijiji kina mkutano mkuu, na mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa hapo. Naomba vijia viingizwe katika mpango huo kwa majina yake kabla ya kugawa hati nyingine, kisha kila mwenye shamba aandikiwe kwamba njia inapita. Desemba nitakuwa nyumbani, na mjomba ameniahidi nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano. Orodha nimeshaanza kuiandika: njia ya gulioni, njia ya kisimani, njia ya shuleni inayopita chini ya mparachichi, na ile ya kwenda makaburini.